Visikizi vya masikioni vinapoharibika: jinsi ya kupata vingine vinavyofaa kusikilizia redio

Kwa wasikilizaji wengi wa Kiswahili katika miji ya Gitega na Muyinga nchini Burundi, redio haikai tena juu ya kabati sebuleni peke yake. Imo mfukoni, ndani ya simu ya mkononi, na mlango wa kuingilia ni jozi ya vipokea sauti vya masikioni, au kwa ufupi visikizi. Kwa visikizi hivyo mwanafunzi hufuatilia taarifa ya habari bila kuwasumbua wenzake, mchuuzi husikiliza mawaidha akiwa kibandani, na mwanakwaya wa mtaa wa Mushasha, karibu na kanisa kuu la Kristo Mfalme mjini Gitega, hurudia sauti yake kabla ya mazoezi.

Siku visikizi hivyo vinapoharibika, hasara huwa kubwa kuliko bei yake. Katika simu nyingi, redio ya FM haifunguki kabisa mpaka waya wa visikizi uchomekwe. Aliyezoea jozi moja kwa miaka miwili au mitatu hugundua pia kwamba jozi mpya yenye jina lilelile haimkai sikioni kama ile ya kwanza, au hailiki vizuri katika simu yake, au hunyamaza upande mmoja baada ya wiki chache. Ndipo huanza safari ya kwenda dukani na kurudi, huku fedha zikitoka.

Safari hiyo inaweza kufupishwa iwapo msikilizaji atajua ni kitu gani hasa alichokipenda katika jozi yake ya zamani. Jina lililoandikwa juu ya kifaa huwa na maana ndogo kuliko mambo manne: namna kinavyokaa sikioni, aina ya plagi yake, waya wake, na kiasi cha sauti kinachohitajika ili maneno yasikike wazi. Anayeyafahamu mambo hayo manne anaweza kupata mbadala mzuri hata pale ambapo jozi ya awali haitengenezwi tena.

Je, vimekufa kweli?

Swali la kwanza ni kama visikizi vya zamani vimefikia mwisho wake. Mara nyingi havijafikia. Kuna matatizo mawili yanayofanana kwa nje, lakini sababu zake ni tofauti.

La kwanza ni uchafu. Upande mmoja ukififia polepole kwa wiki kadhaa, mara nyingi kinachozuia sauti ni nta ya sikio iliyoganda kwenye kiwavu kidogo cha mbele. Dawa yake ni kuvua kipira cha sikio, kukiosha peke yake kwa maji na sabuni, kisha kukisugua kiwavu taratibu kwa brashi laini na kavu, kiwavu kikitazama chini ili uchafu udondoke nje badala ya kuingia ndani. Maji na mafuta hayapaswi kugusa kiwavu. Kipira kirudishwe kikiwa kimekauka kabisa.

La pili ni waya uliokatika. Dalili yake ni sauti inayokuja na kupotea ghafla waya unapoguswa. Sehemu zinazokatika zaidi ni mbili: pale waya unapoingia kwenye plagi, na pale unapoingia kwenye kisikizi chenyewe, kwa sababu hapo ndipo waya hukunjwa kila siku. Msikilizaji anaweza kufungua redio au wimbo, kisha akaupinda waya kidogo kidogo kuanzia kwenye plagi hadi sikioni. Mahali ambapo sauti inakatika na kurudi ndipo penye jeraha.

Ikiwa jeraha liko kwenye plagi, fundi wa simu au wa redio anaweza kulitibu kwa muda mfupi. Huikata sehemu mbovu, huuchubua waya, na huziunganisha nyuzi zake na plagi mpya kwa risasi. Nyuzi hizo ni nyembamba sana na zimepakwa rangi ya kinga, ambayo lazima iunguzwe kwanza ndipo risasi ishike. Mara nyingi uzi mwekundu ni wa sikio la kulia, wa kijani au wa buluu ni wa kushoto, na wenye rangi ya shaba ni wa pande zote mbili. Gharama ya plagi na ufundi kwa kawaida huwa ndogo kuliko bei ya jozi nzuri mpya, na mwenye visikizi hubaki na kile alichokizoea.

Jeraha likiwa ndani ya kisikizi chenyewe, kazi huwa ngumu zaidi. Vifuniko vingi vimegundishwa kwa gundi na havifunguki bila kuvunjika. Hapo ndipo kutafuta jozi nyingine kunapokuwa na maana.

Waya ambao pia ni antena

Kabla ya kutupa jozi mbovu, msikilizaji wa redio anapaswa kujua kazi nyingine ya waya wake. Mawimbi ya FM, yanayotumia masafa ya megahezi 87.5 hadi 108, yana urefu wa karibu mita 3. Antena nyepesi ya kuyapokea huhitaji urefu wa karibu robo ya wimbi, yaani sentimita 75 hivi. Simu ni ndogo mno kubeba antena kama hiyo ndani yake. Waya wa visikizi, ambao kwa kawaida hufikia mita 1 na zaidi kidogo, unaifanya kazi hiyo vizuri. Ndiyo maana simu nyingi humwambia mwenyewe achomeke visikizi kabla ya kufungua redio. Baadhi ya simu za vitufe zina antena ya ndani, lakini hata hizo mara nyingi hushika vizuri zaidi zikichomekwa waya.

Jambo hili lina uzito wake katika Burundi. Gitega iko katika uwanda wa juu wa kati ya nchi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na vilima vimeizunguka pande zote. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka zaidi kuliko yale ya masafa marefu, kwa hiyo kilima kinaweza kuyazuia. Anayeishi bondeni anahitaji antena nzuri kuliko anayeishi juu kileleni. Huko Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, wasikilizaji wengine hutafuta pia vituo vya ng'ambo, kikiwemo Radio Kwizera cha Ngara, kilichoanzishwa mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi. Kituo cha mbali namna hiyo kinaweza kusikika kwa waya mmoja na kupotea kwa mwingine.

Kutokana na hayo yanafuata mambo mawili. Kwanza, visikizi vilivyoharibika masikioni bado vinaweza kutumika kama antena. Mwenye simu huvichomeka, hufungua redio, kisha huchagua sauti itoke katika spika ya simu. Ilimradi uzi wa pamoja haujakatika, vituo vitashikwa. Pili, anayenunua jozi mpya kwa ajili ya redio asikubali waya mfupi sana, na anaposikiliza aunyooshe waya badala ya kuukunja mfukoni.

Kwa nini jozi ileile haipatikani tena

Wengi huanza kwa kuuliza dukani jozi iliyo sawasawa na ya zamani, wakaambiwa haipo. Sababu moja ni kwamba watengenezaji hubadilisha bidhaa zao kila baada ya muda mfupi. Wakati mwingine jina hubaki na umbo la nje hubaki, lakini spika ya ndani, waya au vipira vimebadilishwa.

Sababu nyingine ni mabadiliko ya simu zenyewe. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa simu ya iPhone 7 isiyo na tundu la visikizi la milimita 3.5, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikaanza kuuza visikizi visivyo na waya. Kampuni nyingine zilifuata. Kisha mwaka 2020 Apple iliacha kuweka visikizi ndani ya boksi la simu mpya, na Samsung ikafanya hivyo kwa simu zake za Galaxy S21 mwaka 2021. Visikizi vilivyokuwa vikija na simu, ambavyo vilikuwa vya ubora wa wastani na vilivyopimwa pamoja na simu husika, vikapungua sokoni. Pengo hilo limezibwa na jozi za kila namna, nyingine nzuri na nyingine mbovu.

Kwa Burundi kuna sababu ya tatu. Nchi haina bahari, na sehemu kubwa ya bidhaa zake hutoka nje kupitia bandari ya Dar es Salaam, zikasafirishwa kwa malori hadi mpaka wa Kobero, upande wa Muyinga, kabla ya kufika Gitega na Bujumbura. Kila hatua huongeza gharama. Mwezi Mei mwaka 2023 faranga ya Burundi ilishushwa thamani rasmi dhidi ya dola ya Marekani, na kifaa kinachonunuliwa kwa dola huko nje hakiwezi kubaki na bei yake ya zamani. Mfanyabiashara huleta kile ambacho wateja wanaweza kukilipia. Kosa la kununua jozi isiyofaa linamgharimu mnunuzi wa leo zaidi ya zamani.

Umbo la sikio na siri ya besi

Visikizi vidogo viko vya namna mbili. Vya kwanza hukaa mdomoni mwa sikio bila kuingia ndani. Vya pili vina kipira laini kinachoingia katika tundu la sikio na kuliziba. Mtu aliyezoea namna moja huona taabu akihamia nyingine, kwa hiyo hilo ndilo jambo la kwanza la kulitambua katika jozi ya zamani.

Kwa vile vinavyoingia ndani ya sikio, kipira ndicho kinachoamua sauti. Kikiziba vizuri, sauti nzito, yaani besi, husikika. Kikiacha hata mwanya mdogo, besi huvuja nje na sauti yote huwa nyembamba na kali. Watu wengi wameitupa jozi nzuri wakidhani spika yake ni dhaifu, kumbe kipira kilikuwa kidogo mno. Jozi nyingi huuzwa na saizi tatu za vipira, na inafaa kuzijaribu zote. Masikio ya mtu mmoja nayo huweza kutofautiana, kwa hiyo si ajabu sikio la kulia likahitaji kipira kikubwa kuliko la kushoto.

Njia nyepesi ya kujipima ni hii: visikizi vikiwa masikioni, mtu huvisukuma ndani kidogo kwa vidole. Besi ikiongezeka sana anaposukuma, basi kipira hakizibi, na saizi kubwa zaidi ijaribiwe. Sikio likiuma au likiwasha baada ya dakika chache, saizi ni kubwa mno. Ikiwa jozi ya zamani ilipendwa kwa sababu ya vipira vyake, vipira hivyo vinaweza kuvuliwa na kuhamishiwa katika jozi mpya endapo shingo za visikizi zina unene sawa. Mara nyingine mbadala unaotafutwa hupatikana kwa kubadilisha kipira tu.

Plagi yenye sehemu tatu au nne

Plagi ya kawaida ya visikizi ina unene wa milimita 3.5. Ukiitazama kwa makini, utaona mistari midogo inayozitenganisha sehemu za chuma. Yenye mistari miwili ina sehemu tatu: sikio la kushoto, sikio la kulia na uzi wa pamoja. Yenye mistari mitatu ina sehemu nne, na ile ya nne ni ya maikrofoni. Anayetaka kupokea simu bila kutoa visikizi anahitaji ya sehemu nne. Anayesikiliza redio tu anaweza kutumia yoyote kati ya hizo mbili katika simu nyingi.

Tatizo ni kwamba plagi za sehemu nne zimekuwa na mipangilio miwili. Katika mpangilio wa zamani, nafasi ya maikrofoni na ile ya uzi wa pamoja zimebadilishana. Ukichomeka visikizi vya mpangilio mmoja katika simu ya mpangilio mwingine, hutokea jambo la kushangaza: ala za muziki husikika kwa mbali, lakini sauti ya mwimbaji au ya msomaji wa habari hupotea karibu yote. Sababu ni kwamba sauti ya mtu kwa kawaida hupelekwa sawasawa katika masikio yote mawili, na uzi wa pamoja usipounganishwa, pande hizo mbili hufutana. Mtu akibonyeza na kushikilia kitufe cha maikrofoni na sauti ikarudi, basi ajue tatizo ni mpangilio wa plagi, na jozi hiyo haifai kwa simu yake.

Katika redio ndogo za betri kuna kikwazo kingine. Baadhi yake zina tundu la sauti ya upande mmoja. Visikizi vya kawaida vikichomekwa humo, sikio moja tu ndilo husikia, hata kama visikizi ni vizima. Anayetumia redio ya namna hiyo asiwahukumu wauzaji kabla ya kuvijaribu visikizi hivyo katika simu.

Wenye simu zisizo na tundu la milimita 3.5 hulazimika kutumia kiunganishi kinachochomekwa penye tundu la chaji la USB-C. Viunganishi hivyo viko vya aina mbili. Kimoja hupitisha sauti iliyokwisha kutayarishwa na simu, na kingine kina kisahani kidogo cha umeme kinachoitayarisha sauti chenyewe. Simu inayohitaji cha aina ya pili itanyamaza ikipewa cha kwanza. Zaidi ya hayo, si kila kiunganishi hupitisha mawimbi ya redio hadi ndani ya simu. Njia salama ni kwenda dukani na simu yenyewe.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi

Maboksi ya visikizi hujaa namba, na mnunuzi anaweza kudhani kubwa zaidi ndiyo bora zaidi. Namba tatu zinafaa kueleweka.

Ya kwanza ni masafa ya sauti, ambayo karibu kila boksi huyataja kuwa hezi 20 hadi 20,000. Namba hiyo haimsaidii sana msikilizaji wa redio. Matangazo ya FM hubeba sauti isiyozidi hezi 15,000, na sehemu kubwa ya maneno ya binadamu hueleweka katika masafa ya chini zaidi ya hapo. Boksi linalojisifu kufika 40,000 haliongezi lolote katika taarifa ya habari.

Ya pili ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Visikizi vingi vya simu vina omu 16 hadi 32. Vile vikubwa vya studio vinaweza kufikia 250 na zaidi, na vikichomekwa kwenye simu hutoa sauti hafifu. Ya tatu ni wepesi wa kutoa sauti, unaopimwa kwa desibeli. Jozi yenye desibeli nyingi zaidi kwa nguvu ileile ya umeme italia kwa nguvu zaidi katika simu dhaifu. Kama boksi la jozi ya zamani lingalipo, namba hizi mbili za mwisho ndizo za kulinganisha.

Kujaribu dukani na kuepuka bidhaa bandia

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya visikizi, kibaya hujitembeza kikiwa kimevaa jina la kizuri. Jozi zenye nembo za kampuni mashuhuri huuzwa kwa bei isiyolingana kabisa na ile ya kampuni hiyo. Dalili za kutilia shaka ni maandishi yenye makosa ya tahajia kwenye boksi, nembo iliyochapwa kwa wino unaofutika, plagi inayolegea tunduni, na alama za kushoto na kulia zilizogeuzwa au kukosekana. Jozi isiyo na jina kubwa lakini iliyojaribiwa mbele ya mnunuzi ni salama kuliko yenye jina kubwa iliyofungwa boksini.

Jaribio zuri huchukua muda mfupi. Mnunuzi achomeke visikizi katika simu yake, afungue kituo cha redio anachokijua, na asikilize sauti ya mtu anayezungumza. Muziki huficha makosa mengi. Sauti ya mtu huyafichua. Herufi kama s na sh zisichome masikio, na maneno yasisikike kama yanatoka ndani ya pipa. Kisha asikilize kila sikio peke yake, na alinganishe kama pande zote mbili zina nguvu sawa. Baadaye apinde waya karibu na plagi na karibu na masikio, sauti isikatike. Mwisho ajaribu kituo cha mbali kinachoshikwa kwa shida, ili kuipima antena. Akiwa bado na jozi ya zamani ambayo upande mmoja ni mzima, aibebe, kwani kumbukumbu ya sikio hudanganya haraka na kulinganisha papo hapo ndiko kunakoaminika.

Je, visivyo na waya vinafaa?

Visikizi vya Bluetooth vina raha yake. Waya haukatiki kwa kuwa haupo. Hata hivyo kwa msikilizaji wa Gitega au Muyinga kuna mambo matatu ya kuyapima.

La kwanza ni antena. Bluetooth haibebi mawimbi ya FM, kwa hiyo simu inayohitaji waya ili kushika redio itaendelea kuuhitaji. Anayesikiliza redio kwa njia ya intaneti hana tatizo hilo, lakini hulipia data. La pili ni umeme. Nchini Burundi takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ndiye anayepata umeme nyumbani, na wengi huchajia simu zao katika vibanda vya kulipia. Visikizi visivyo na waya ni kifaa kingine cha kuchaji, pamoja na kisanduku chake. La tatu ni umri. Betri zake ndogo huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na katika jozi nyingi haziwezi kubadilishwa. Jozi ya waya inayotunzwa vizuri inaweza kudumu kuliko jozi kama hiyo.

Kulinda masikio na maisha

Uamuzi wa kununua jozi hii au ile ni suala la afya pia. Visikizi visivyoziba vizuri humfanya mtu aongeze sauti ili kushinda kelele za soko au za pikipiki, na sikio hulipa gharama polepole bila kutoa onyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema kuwa zaidi ya vijana bilioni 1 wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa kwa muda mrefu.

Kipimo cha shirika hilo kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezwa, muda salama hukatwa nusu. Hivyo desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki, 86 ni saa 10, na 89 ni saa 5 tu. Kwa kuwa wengi hawana kipimo cha desibeli, WHO hushauri sauti isizidi asilimia 60 ya kiwango cha juu cha kifaa. Jozi ambayo maneno yake hayaeleweki mpaka sauti ipandishwe hadi mwisho haifai, hata ikiwa ya bei nafuu. Mlio masikioni baada ya kuvua visikizi ni ishara kwamba sauti ilizidi, na mlio usiokoma ni sababu ya kumwona mganga.

Barabarani hatari huja kwa kasi zaidi. Kipira kinachoziba sikio huzuia pia honi ya lori. Waendesha baiskeli na pikipiki wanaobeba abiria kwenye miteremko ya Gitega, na watembea kwa miguu kando ya barabara ya Muyinga hadi Kobero inayopitiwa na malori ya masafa marefu, wanahitaji masikio yao yote mawili. Wakati wa kusikiliza ni pale safari inapokwisha.

Kuifanya jozi mpya idumu

Jozi ikishapatikana, maisha yake hutegemea mkono wa mwenyewe. Plagi ichomolewe kwa kuishika yenyewe, kamwe si kwa kuvuta waya. Waya ukunjwe kwa duara pana, usizungushwe kwa nguvu kwenye simu, kwa sababu mkunjo mkali huzivunja nyuzi za ndani. Visikizi vikae katika kikopo au mfuko mdogo, mbali na jasho na vumbi. Visiazimwe ovyo, kwani maambukizi ya sikio husafiri na vipira.

Mwenye jozi anayoipenda leo, ikiwa bado nzima, anaweza kuandika kwenye daftari mambo machache: saizi ya vipira anavyotumia, idadi ya sehemu za plagi, omu na desibeli zilizo kwenye boksi, na kiwango cha sauti cha simu ambacho humtosha kusikia taarifa ya habari kwa uwazi. Siku jozi hiyo itakapokufa, daftari hilo ndilo ataenda nalo dukani, na muuzaji atakuwa na la kulijibu zaidi ya kumwonyesha boksi lenye jina kubwa.